George Orwell na magazeti ya picha

Sikuanza kumjua George Orwell kwa riwaya zake. Nilianza na bede. Nikiwa mwaka wa kwanza, mwenzangu mmoja aliniazima V for Vendetta ya Alan Moore na David Lloyd, katika tafsiri ya Kifaransa, nikaimaliza kwa siku mbili. Katika hadithi hiyo Uingereza inatawaliwa na chama kimoja cha kifashisti, na idara za serikali zimepewa majina ya viungo vya mwili. Idara ya kamera ni Jicho. Idara ya kusikiliza mazungumzo ya watu ni Sikio. Redio na propaganda ni Mdomo, wapelelezi ni Pua, askari wa mitaani ni Kidole. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, na majina hayo yalinishangaza kuliko milipuko yote ya kitabu kile. Dola ikijiita mwili mmoja, raia anayeipinga anakuwa ugonjwa.

Nilipouliza mawazo hayo yalitoka wapi, wengi walinitajia Orwell. Ndipo nikaanza kusoma maisha yake. Katika makala haya ninasimulia maisha hayo nikifuata swali moja: mawazo ya siasa yanapita kwa njia gani kati ya riwaya za distopia, yaani zile zinazochora jamii ya kesho iliyoharibiwa na utawala wake, na hadithi za picha? Nilidhani njia hiyo inakwenda upande mmoja tu, kutoka riwaya hadi bede. Nilikosea.

Mtoto wa idara ya afyuni

Jina lake halisi ni Eric Arthur Blair. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 huko Motihari, katika India ya Waingereza. Baba yake, Richard Blair, alikuwa mtumishi wa Idara ya Afyuni ya serikali ya kikoloni, idara iliyosimamia zao la afyuni lililouzwa hasa China. Mama yake, Ida Limouzin, alikuwa na baba Mfaransa na alikulia Burma. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi mama yake alipomrudisha Uingereza. Baba alibaki kazini, na kwa miaka mingi mwanawe hakumwona sana.

Familia ilikuwa na heshima lakini haikuwa na fedha. Kwa sababu alikuwa na akili, Eric alipata nafasi ya kusoma kwa msaada katika shule ya bweni ya St Cyprian's, kisha Eton, shule ya watoto wa wakubwa, alikokaa kuanzia 1917 hadi 1921. Huko Eton mmoja wa walimu wake wa Kifaransa, kwa muda mfupi, alikuwa kijana mwenye macho mabovu aliyeitwa Aldous Huxley, ambaye mwaka 1932 angetoa Brave New World. Kwa hiyo waandishi wawili wa distopia wanaosomwa kuliko wote kwa Kiingereza waliwahi kukaa darasa moja, mmoja mbele ya ubao na mwingine kwenye dawati.

Polisi wa dola

Wanafunzi wengi wa Eton waliendelea hadi Oxford au Cambridge. Blair hakwenda. Mwaka 1922, akiwa na miaka 19, alijiunga na polisi wa kifalme huko Burma. Alikaa miaka 5. Alijifunza Kiburma, akafanya mitihani yake ya lugha, akasimamia askari, akaona jela na watu walionyongwa. Mwaka 1927 alirudi likizo Uingereza, akaacha kazi.

Tusipite haraka hapa. Wengi humsoma Orwell kama mtu aliyeogopa Moscow tu. Lakini mara ya kwanza alipoona utawala unaopeleleza watu na kuwafundisha waseme kisichokuwa mioyoni mwao, aliuona katika koloni la nchi yake mwenyewe, naye akiwa amevaa sare yake. Riwaya yake ya kwanza, Burmese Days, ilitoka mwaka 1934 Marekani, kwa sababu wachapishaji wa London waliogopa kesi. Ndani yake Wazungu wa klabu hawawezi kusema wanachofikiri. Kila mmoja anarudia maneno yaleyale juu ya wenyeji, na anayethubutu kusema vingine anatengwa. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Paris na lugha ya kutungwa

Baada ya Burma alitaka kuwajua watu wa chini. Alilala katika nyumba za maskini London, na mwaka 1928 alikwenda Paris, alikoosha vyombo hotelini. Kutokana na maisha hayo alitoa Down and Out in Paris and London mwaka 1933. Kwa kitabu hicho alichukua jina la George Orwell. Orwell ni mto wa Suffolk, sehemu ambako wazazi wake waliishi.

Kuna jambo la Paris ambalo vitabu vingi hulitaja kwa mstari mmoja tu, lakini kwetu wanaisimu lina uzito. Dada ya mama yake, Nellie Limouzin, aliishi Paris pamoja na Eugène Adam, aliyejulikana kwa jina la Lanti. Huyo alikuwa kiongozi wa chama cha kimataifa cha wafanyakazi wanaosema Kiesperanto. Hivyo Orwell kijana alikuwa na ndugu katika nyumba ambamo lugha iliyotungwa ilitumika kila siku.

Katika Kiesperanto, zuri ni bona. Baya halina shina lake. Unaweka kiambishi mbele na kupata malbona. Baadaye, akifanya kazi redioni, Orwell alivutiwa pia kwa muda na Basic English ya C. K. Ogden, yaani Kiingereza kilichopunguzwa hadi maneno 850. Sasa fungua 1984 utazame lugha rasmi ya chama, ile ambayo Wafaransa huiita novlangue. Neno la baya limefutwa. Limebaki zuri na kiambishi cha kukanusha, na kila mwaka kamusi inazidi kuwa nyembamba. Waliotunga Kiesperanto walitaka watu waelewane. Orwell alichukua mbinu hiyohiyo ya sarufi na kujiuliza ingekuwaje mikononi mwa polisi.

Hispania

Mwishoni mwa 1936 Orwell alikwenda Barcelona kupigana na waasi wa Franco. Alikuwa ameoa mwaka huohuo. Mke wake, Eileen O'Shaughnessy, alimfuata. Aliingia katika jeshi la POUM, chama kidogo cha Kimarx kisichomtii Stalin. Barcelona ya siku hizo ilikuwa mikononi mwa wafanyakazi na wafuasi wa anakia. Wahudumu wa hoteli hawakuinamia wateja tena, na watu waliacha maneno ya heshima ya kizamani wakaitana ndugu. Alipenda alichokiona.

Tarehe 20 Mei 1937 risasi ilimpiga shingoni, ikapita. Alipona, lakini sauti yake ilibaki dhaifu. Kabla ya hapo, Mei hiyohiyo, watu wa upande wake walikuwa wamepigana wao kwa wao mitaani Barcelona. Mwezi Juni POUM ilipigwa marufuku, rafiki zake wakafungwa, naye na Eileen wakatoroka kwa treni hadi Ufaransa. Alipofika Uingereza alikuta magazeti ya mrengo wa kushoto yakisema kwamba wenzake walikuwa majasusi wa Franco. Alisoma habari za mapigano yasiyotokea, na mapigano aliyoyaona kwa macho yake hayakuandikwa popote. Mchapishaji wake alikataa Homage to Catalonia kabla hata hakijaandikwa. Mchapishaji mwingine alitoa nakala 1,500 mwaka 1938, na hazikuwa zimekwisha Orwell alipokufa.

Kutoka hapo hofu yake ilibadilika. Kufungwa aliweza kukuelewa. Kilichomtisha ni kufutwa, yaani jambo lililotokea kuwa kana kwamba halikutokea.

Magazeti ya wavulana

Sasa tufike mahali nilipokosea. Mwaka 1940, miaka 9 kabla ya 1984 kutoka, Orwell aliandika katika jarida la Horizon makala ndefu juu ya magazeti ya bei rahisi ya wavulana, hasa Gem na Magnet. Wasomi wa wakati wake hawakuyagusa magazeti hayo. Yeye aliyasoma kama sisi tunavyosoma matini darasani: alihesabu aina za wahusika, akatazama nani anachekwa, nani anasifiwa, nani hayupo kabisa.

Aligundua kwamba ulimwengu wa hadithi hizo umesimama mwaka 1910. Shule ya bweni ya Greyfriars haibadiliki, mfalme yuko kwenye kiti chake, mgeni ni mtu wa kuchekesha, na mfanyakazi huonekana kama mhalifu au mpumbavu. Mgomo na ukosefu wa kazi havitajwi. Kisha akauliza nani mwenye magazeti hayo, akajibu: matajiri walewale wenye magazeti makubwa ya siasa. Hoja yake ni kwamba mtu hupata mawazo yake ya siasa akiwa na miaka 12, kwa hadithi ambayo hata hajui kama ni siasa, na mawazo hayo hayamtoki kirahisi.

Mtungaji wa hadithi za Greyfriars, Frank Richards, alimjibu katika jarida lilelile. Orwell alikuwa amefikiri kwamba hadithi nyingi hivyo haziwezi kuandikwa na mtu mmoja. Richards alijibu kwamba anaziandika mwenyewe, na hakuona aibu kwa lolote.

Tukiwa Kongo, tunao mfano wetu wa miaka ileile. Tintin au Congo ya Hergé ilitoka Brussels kuanzia 1930 katika kijalizo cha watoto cha gazeti la Kikatoliki. Katika toleo la kwanza, Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la rangi la 1946 somo hilo limekuwa la hesabu. Picha ni ileile karibu, lakini ubaoni mna jambo jingine. Katika 1984, kazi ya Winston Smith ofisini ni hiyohiyo, kubadilisha kilichochapishwa jana ili kifanane na leo.

Shamba na mwaka 1984

Wakati wa vita Orwell alitayarisha vipindi vya BBC kwa ajili ya India, kuanzia 1941 hadi 1943, na Eileen kwa muda alifanya kazi katika idara ya udhibiti wa habari. Wote wawili walijua ofisi ya ukweli rasmi inavyofanya kazi kwa ndani. Mwishoni mwa 1943 alianza Animal Farm, hadithi ya wanyama wanaomfukuza mkulima wao na kuishia chini ya nguruwe. Stalin alikuwa rafiki wa vita, kwa hiyo wachapishaji walikataa mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alikuwa tayari kukubali, lakini alionywa na ofisa wa Wizara ya Habari, ambaye baadaye iligundulika kwamba aliwafanyia kazi Wasovieti. Mwaka 1944 nyumba ya Orwell ilibomolewa na bomu la Wajerumani, na muswada ukatolewa chini ya kifusi.

Kitabu kilitoka Agosti 1945, kikamletea fedha kwa mara ya kwanza. Eileen hakukiona. Alikufa mwezi Machi katika upasuaji, akamwachia mtoto mchanga waliyemchukua kulea. Kwa Kiswahili tunacho kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967.

Orwell alikwenda kuishi katika kisiwa cha Jura, Scotland, katika nyumba ya mbali isiyo na umeme. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika. Aliandika 1984 kitandani, akapiga chapa mwenyewe nakala ya mwisho akiwa na homa. Kitabu kilitoka Juni 1949.

Neno moja la kitabu hicho lanipa kazi kila ninapolitafsiri: Kaka Mkubwa. Kwetu Lubumbashi tunasema yaya, na yaya ni mtu anayekupa sehemu ya chakula chake na kukutetea barabarani. Orwell hakuchagua jina la kutisha. Alichagua jina la ukoo, lenye upendo, akaliweka chini ya picha ya mtu anayekutazama chumbani kwako. Wazee wetu wanalijua jambo la namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Katanga iliitwa Shaba, majina ya ubatizo yakakatazwa, na Monsieur akageuka citoyen. Hata hivyo wanasimulia kwamba nyumbani waliendelea kuitana kama zamani. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na Orwell. Mtu akinyimwa neno, mara nyingi hutafuta lingine. Labda naye alilijua hilo, kwa maana nyongeza ya mwisho ya riwaya, inayoeleza lugha ya chama, imeandikwa kwa wakati uliopita, kama habari ya kitu kilichokwisha.

Orodha, na katuni ya siri

Naja sasa kwenye jambo ambalo ningetamani kuliruka. Mwaka 1949, akiwa hospitalini, Orwell alitembelewa na Celia Kirwan, mwanamke aliyewahi kumchumbia bila kufaulu. Mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wa idara mpya ya siri ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, iliyoanzishwa kupiga vita propaganda ya kikomunisti. Orwell alimpelekea majina 38 ya waandishi na watu maarufu aliowaona hawafai kupewa kazi ya kuiandikia idara hiyo, kwa kuwa aliwashuku kuupenda upande wa Moscow. Orodha hiyo ilijulikana yote mwaka 2003.

Haikuwa orodha ya watu wa kukamatwa, na wanaomtetea wanasisitiza hilo. Alikuwa mgonjwa, alikumbuka Barcelona, na serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya chama cha Labour alichokiunga mkono. Nayakubali yote hayo. Lakini mtu aliyetufundisha kuogopa daftari la majina aliandika daftari la majina, na makala yangu yangekuwa ya uongo kama ningelificha.

Tarehe 21 Januari 1950 alikufa London, na umri wake ulikuwa miaka 46. Karibu mara tu baada ya hapo, idara ileile iliwaajiri kwa siri mchoraji Norman Pett na mwandishi Don Freeman waigeuze Animal Farm kuwa hadithi ya picha ya magazetini. Haikuchapishwa Uingereza. Ilipelekwa nje, na nchi moja iliyoichapisha ilikuwa Burma. Nchi ambako kijana Blair aliivua sare ya dola ilipokea, kutoka kwa dola hiyohiyo, hadithi yake kwa vipande vya picha, bila wasomaji kuambiwa nani amelipa. Mwaka 1954 ikafuata filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa fedha za CIA. Mwisho wake ulibadilishwa: katika kitabu wanyama hawawezi tena kumtofautisha nguruwe na mtu, katika filamu wanaasi na kushinda.

Hoja ya 1940 ilikuwa imemrudia mwenyewe. Alisema hadithi nyepesi za picha na za watoto ndizo zinazobeba siasa mbali zaidi, kwa sababu hakuna anayezikagua. Ofisi ya siri ilikubaliana naye.

Waliomrudisha

V for Vendetta ilianza kutoka mwaka 1982 katika jarida la Warrior, ikamalizika mwishoni mwa muongo huo. Moore hakunakili 1984. Winston anavunjwa na kuishia kumpenda mtesaji wake. V, mfuasi wa anakia, anaubomoa Mdomo na Jicho, kisha anawaachia watu wachague wenyewe. Baadhi ya wakosoaji wanaona huo ni urahisi wa bede. Mimi naona Moore amechukua Barcelona ya 1936, ambayo Orwell aliipenda lakini hakuiweka katika riwaya yake ya mwisho.

Mwaka 2007 Moore, pamoja na mchoraji Kevin O'Neill, alitoa Black Dossier. Hapo Uingereza imetoka tu chini ya utawala wa 1984, na inajulikana Kaka Mkubwa alikuwa nani: Harry Wharton, kijana hodari wa Greyfriars, shujaa wa gazeti la Magnet. Niliposoma hayo nilikuwa nimeshamaliza makala ya 1940, nikacheka peke yangu maktabani. Moore alikuwa ameunganisha vipande viwili vya Orwell ambavyo Orwell mwenyewe hakuviunganisha. Mvulana aliyesifiwa kila wiki kwa utiifu na michezo amekua, na sasa uso wake uko kwenye kila ukuta.

Hilo ndilo jibu nililopata kwa swali langu. Mawazo hayakushuka tu kutoka riwaya hadi bede. Yalitoka katika magazeti ya watoto, yakapita kwa Orwell, yakatekwa na ofisi ya siri, yakarudi kwa wachoraji. Kila mara aliyebeba hadithi aliweza kugeuza mwisho wake.

Katika vitivo vyetu tunaandika tasnifu juu ya hotuba za marais na methali za wazee. Ni wachache wanaozigusa bede za bei rahisi, kama zile za Kilingala za Papa Mfumu'eto zilizouzwa mitaani Kinshasa tangu 1990. Ndugu zangu wanafunzi, yaliyomo humo ni lugha, na ni siasa pia. Tuyasome kwa bidii ileile, tukiuliza nani anachekwa, nani hayupo, na nani amelipa.

Orwell amezikwa kijijini Sutton Courtenay. Jiwe la kaburi linasema Eric Arthur Blair, na tarehe mbili. Jina ambalo wote wamelitumia, pamoja na waliolitumia vibaya, halimo.